Tembo wa Mzee Mlowe

Ramadhani hadi Makambako

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa mtaani Ramadhani, Njombe, ananiuliza jambo lile lile: ni kweli uliguswa na tembo? Sikuguswa mimi. Aliyeguswa ni mtu mwingine, na nimechoka kusimulia vipande vipande kwenye vibaraza vya maduka, leo nusu, kesho nusu, na kila msikilizaji akiongeza yake. Ninaandika yote hapa. Anayejua kusoma amsomee mwenzake.

Niliondoka asubuhi ya baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati. Sikuwa na mpango wowote. Mnanijua: shule niliiacha darasa la sita, na toka hapo nimekuwa mtu wa kufuata barabara nione inakoishia. Asubuhi ile nilitoka kununua maandazi tu. Mbele ya kibanda kulikuwa na lori la mbao, dereva anaongeza maji kwenye rejeta. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema Makambako. Nikapanda juu ya mbao, maandazi yangu mkononi. Dada yangu, aliyekuwa ameshachemsha chai na kunisubiri, hajanisamehe mpaka leo.

Njiani mvua nyepesi ilininyeshea. Nilipofika Makambako nilikuwa nimelowa, nimeshiba maandazi ya watu sita, na sikujua nimefuata nini.

Makambako, siku mbili za kusubiri

Wanaoikumbuka miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, wanajua ilivyokuwa. Kila aliyekuwa na kitu alikigeuza biashara. Mwenye dirisha la barabarani aliuza soda na sabuni, mwenye uwanja alitandaza mitumba. Pale stendi, kati ya mabasi ya Mbeya na ya Songea, niliona Land Rover ya zamani yenye turubai lililoshonwa viraka, ubavuni imeandikwa kwa rangi nyekundu: UTALII MBUGANI. Mbele yake alisimama mwanamume mwembamba wa makamo, kofia ya kudarizi kichwani, akiita kama vile anaita abiria wa Mbeya:

"Mbugani! Mbugani moja kwa moja! Wawili tu, tunaondoka!"

Huyo alikuwa Bwana Shaabani, mwenyeji wa Kondoa, aliyekuwa akisafirisha viazi na vitunguu Makambako miaka mingi. Alikuwa amesikia kwamba utalii sasa unalipa, naye akaingia. Ila biashara aliyoijua ni ya gari la stendi: gari haliondoki mpaka lijae. Alikuwa ameita tangu jana yake na ndani alikuwa na abiria mmoja tu.

Aliponiona nimezubaa, akaniita pembeni.

"Kijana, una kazi?"

"Sina."

"Panda ukae humo. Watu wakiona viti vina watu, watapanda. Likijaa, unashuka."

Kazi hiyo nilishaifanya Njombe, ya kukaa garini kama abiria ili abiria wa kweli wavutike. Nikapanda. Kabla sijakaa, Shaabani akainua kidole: "Humu ndani hakuna sigara, hakuna pombe, hakuna nyama ya nguruwe. Hili ni gari la Mwislamu."

"Sawa, bwana."

Abiria yule mmoja alikuwa kiti cha mbele, mzee mrefu aliyevaa koti zito la kijivu lililofungwa vifungo vyote. Alinigeukia, lakini macho yake yalipita begani kwangu. Yalikuwa na utando mweupe kama maziwa yaliyomwagika kwenye maji.

"Kamwene," akasema, kwa salamu ya kwetu.

"Kamwene, babu."

"Wewe ni abiria au ni wa kutegea?"

Akacheka kimyakimya. "Ni wa nne tangu jana. Wote walikuwa wa kutegea."

Ndivyo nilivyomfahamu Mzee Mlowe wa Matembwe, mkulima, mpanda miti, Mkatoliki wa misheni tangu utoto. Daktari wa misheni alimwambia macho yake lazima yapasuliwe Dar es Salaam, na kwamba wengine hupona na wengine hawaponi. Mzee akajibu kwamba atakwenda Dar, lakini kwanza anakwenda kumwona tembo. Wanawe walidhani ni uzee. Akauza miti michache, akaja Makambako peke yake.

"Kwa nini tembo?" nikamuuliza.

"Nimeshawahi kumwona," akasema haraka. "Zamani. Nataka kumwona tena."

Siku hiyo hatukuondoka. Ya pili pia hatukuondoka. Wanawake wawili walipanda, wakauliza mbugani kuna soko gani, wakashuka. Mwalimu mmoja alipanda akakaa saa nzima, kumbe alikuwa anajikinga mvua. Tulikula chipsi na chai ya tangawizi, na mzee alinisimulia tembo wake: macho mekundu, makubwa kama sahani, pembe zinagusa ardhi, aling'oa mti kwa mguu. Kila aliposimulia, watu wa stendi walisogea kusikiliza.

Asubuhi ya tatu mzee aligonga dashibodi kwa ngumi. "Bwana Shaabani, macho yangu hayasubiri abiria. Kila siku yanapungua. Twende."

Shaabani alitazama viti vitupu, akatazama mbingu, akawasha gari kwa kusukumwa na watu wa stendi. Starta ilikuwa imekufa siku nyingi. Nilipotaka kushuka, mzee alinishika mkono.

"Huyu hashuki. Nani ataniambia kilicho mbali? Huyu atakuwa macho yangu."

Makambako hadi Iringa

Hatujafika mbali nikagundua kitu chini ya kiti cha mzee, kimefunikwa na pindo la koti: dumu la njano la lita tano, mdomo wake umezibwa kwa majani. Nilijua harufu hiyo kabla ya kuinama. Ulanzi, pombe ya mianzi, na si mtamu wa asubuhi. Ule uliokaa.

Nikamnong'oneza kutoka nyuma, "Babu, umesikia alichosema mwenye gari?"

"Nimesikia. Si wake. Ni wa wale askari wa mbugani."

"Unawajua?"

"Simjui hata mmoja. Lakini naingia kwao. Ni watoto wa watu, wamekaa porini miezi, nani anawapelekea ulanzi? Niende kwa watu mikono mitupu kama mwizi?"

Nikarudisha pindo la koti juu ya dumu. Nanyi mngefanya hivyo. Kwetu msimu wa mvua mtu haingii nyumba ya wengine bila kitu mkononi, na kitu hicho huwa ni hicho.

Karibu na Mafinga Shaabani alianza kunusa. Alinusa usukani, akanusa mkono wake.

"Kuna kitu kinachacha humu."

"Ni koti la mzee," nikasema. "Lilinyeshewa."

Kisigino cha mzee kilinipata ugoko kupitia chini ya kiti. Shaabani, kwa adabu, hakusema tena, ila alifungua dirisha na tukasafiri na upepo mpaka Iringa, ambako tulilala kwa binamu yake. Tulipewa wali na samaki wa Mtera, na mzee alisimulia tembo wake tena. Pembe zilikuwa zimeongezeka urefu.

Asubuhi, wakati Shaabani akiswali, nilifanya kosa ambalo nalibeba mpaka leo. Niliona kwamba harufu itatuumbua. Nikaenda garini, nikang'oa yale majani, nikatafuta kizibo cha dumu mfukoni mwa mzee, aliyekuwa akisinzia kitini, nikakifunga. Nilikifunga kwa nguvu zangu zote.

Nimekulia kwenye ulanzi. Najua ulanzi haufungwi, lazima upumue. Lakini nilifikiri kwa kichwa cha Njombe, mahali ambapo asubuhi unaweza kufunga dumu na mpaka jioni likavimba kidogo tu, kwa kuwa baridi inalituliza. Sikufikiria tunakokwenda.

Iringa hadi langoni

Barabara ilishuka, na joto likapanda. Nilivua koti, nikavua sweta, nikabaki na fulana. Mzee hakuvua kitu. Kwenye bonde moja mvua za mwisho zilikuwa zimeikata barabara, na tulikaa pale mpaka wanakijiji walipotusukuma. Watoto walimchungulia mzee na koti lake. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi aliuliza mgonjwa huyu anapelekwa hospitali gani.

"Si mgonjwa, anakwenda kutazama tembo," Shaabani akasema.

"Kutazama?" Yule mama alicheka hadi akaketi. "Wanakula shamba langu bure, na ninyi mnawafuata!"

Alitupa mahindi mawili mawili na akakataa kulipwa. Alisema watu wa namna yetu wanatia huruma.

Langoni tulifika saa tano. Askari tuliyepewa aliitwa Chaula, Mkinga wa kule kwetu, kijana mpole mwenye bunduki ndefu na uso wa mtu asiyependa kushtukizwa. Alimsalimia mzee kwa kamwene, kisha akasimama mbele yetu kama mwalimu.

"Saa kumi na mbili tuwe tumetoka. Hakuna kushuka mpaka niseme. Halafu nauliza, na mnijibu kweli. Mna matunda? Mna machungwa, ndizi, chochote kinachonukia? Tembo ana pua kuliko mbwa. Mwezi uliopita gari lilipasuliwa mlango kwa ajili ya maembe."

Shaabani alijibu kwa kujiamini, "Afande, gari langu ni safi."

Chaula akanitazama mimi. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Nilimtazama mzee, mzee alikuwa ametazama mbele. Alishaniambia dumu atalitoa baadaye, kwenye nyumba zao, Shaabani asipokuwepo, ili asimvunjie heshima.

"Hatuna," nikasema.

Ndani

Kama mtu atakuuliza, mwambie asiende msimu wa mvua. Nyasi zilikuwa zimepita vioo vya gari. Wanyama walikuwepo, lakini nyasi zilikuwa nyingi kuliko wao. Mto ulijaa maji ya rangi ya chai ya maziwa na viboko wamezama mpaka pua. Swala walituvuka mbele kama mikuki. Nilimsimulia mzee kila kitu, naye aliuliza maswali ya mtu anayenunua: miguu yake ikoje, ngozi yake ina mabaka makubwa au madogo, anatazama wapi?

"Twiga," nikasema. "Watatu. Shingo zimepita miti."

"Ahaa." Alitabasamu. "Kuhusu twiga sijawahi kumwambia mtu kitu."

Sikuelewa alimaanisha nini.

Saa nane ikapita. Saa nane na nusu. Tuliona kinyesi cha tembo, miti iliyovunjwa, nyayo zilizojaa maji. Tembo mwenyewe hakuna. Chaula alisema mvua zikinyesha wanatawanyika, hawana haja ya mto. Shaabani alianza kutoka jasho lisilo la joto. Mteja wake wa kwanza na wa pekee angerudi Makambako kusema nini?

Akapunguza mwendo. Aligeuka nyuma akanibana goti, akanionyesha kwa kidevu mwamba mkubwa wa kijivu uliojificha kwenye nyasi. Macho yake yalikuwa yananisihi. Nilimtazama Chaula. Chaula akageuza uso, akajifanya anafuta bunduki.

Nikafikiri: mzee hatajua. Atarudi na furaha yake. Ni nani atakayeumia?

"Babu," nikasema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Tembo. Yule pale, mkono wa kulia. Mkubwa."

Mzee hakugeuka. "Masikio yake yanafanya nini?"

"Ametulia tu."

"Kwenye joto hili? Tembo masikio yake hayatulii kwenye joto. Anajipepea. Hilo nililisikia kwa mtu aliyewaona, na nimelisema mimi mwenyewe miaka arobaini." Akaweka mkono kwenye dashibodi. "Usinidanganye, kijana. Kazi hiyo fundi wake ni mimi."

Shaabani alizima gari. Tukakaa.

"Nilikwenda kukata mkonge Morogoro nikiwa kijana," mzee akasema. "Wenzangu wote waliona tembo njiani. Mimi nilikuwa nimelala kwenye lori. Niliporudi Matembwe watu wakauliza, nikasema nimemwona. Neno moja tu. Kisha wakaniuliza alikuwaje. Nimemwongeza mwaka hadi mwaka. Nimewasimulia wanangu, na wajukuu zangu wanawasimulia wenzao shuleni. Na macho yangu yakizimika kabla sijamwona, basi nitakufa mwongo. Sitaki mwamba wenu."

Shaabani alitoa kitambaa akafuta shingo. "Nisamehe, mzee wangu," akasema. "Tutamtafuta. Wallahi tutamtafuta."

Tulishuka kulisukuma gari. Hapo Chaula alituonya tena kuhusu saa, lakini alituelekeza kwenye korongo moja la mchanga, akasema ng'ambo yake kuna miti ya matunda wanayoipenda.

Katikati ya korongo magurudumu ya nyuma yakazama na injini ikazimika.

Ilikuwa saa tisa. Hapakuwa na upepo. Chaula alitembea hatua kama ishirini mbele kutazama ukingo, bunduki begani. Mimi na Shaabani tulishuka nyuma, yeye akalala chini ya gari kuchimba mchanga kwa sahani ya bati, mimi nikikata matawi. Mzee alibaki kiti chake, dirisha wazi, koti lake limefungwa vifungo vyote.

Nilisikia tawi likivunjika. Nikadhani ni langu. Kisha Chaula akainua mkono wake wa kushoto, polepole, bila kugeuka, na sauti yake ikaja kavu:

"Asikimbie mtu."

Tembo alikuwa amesimama kwenye ukingo wa kushoto. Sikumwona akija. Huwezi kuamini kitu kikubwa kiasi kile kinaweza kuja bila kusikika. Masikio yake yalikuwa yanapepea, polepole, kama mzee alivyosema. Kati yake na dirisha la mzee palikuwa na hatua chini ya thelathini.

"Shaabani, usitoke," nikanong'ona. Nilisikia mnong'ono wa dua chini ya gari.

Mzee hakujua. Alikuwa akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Niliinama nyuma ya gurudumu, nikaweka mdomo kwenye upenyo wa turubai.

"Babu. Usisogee. Mkono wako wa kushoto."

"Kuna nini?"

"Mwenyewe."

Mluzi ukakatika, kisha akacheka kidogo. "Mwamba mwingine?"

"Babu, mwamba hautembei. Huyu anakuja."

Alikuwa anakuja kweli, anashuka ukingo, mkonga umeinuliwa kuelekea kwetu, ncha yake ikigeuka huku na huku. Alikuwa ameshanusa. Nilijua amenusa nini. Nilitazama bunduki ya Chaula ikishuka kutoka begani, nikajua pia kwamba jibu langu la langoni ndilo litakalomuua mmoja wao, mzee au tembo.

Ndipo dumu lilipopasuka.

Mlio ulikuwa kama wa bunduki. Nilidhani Chaula amepiga. Chaula alidhani gurudumu limepasuka. Tembo alirudi nyuma hatua tatu, masikio yakafunguka yote, akatoa sauti ambayo sitaiandika kwa sababu haina herufi. Mchanga uliruka. Ndani ya gari mzee alikuwa amelowa kuanzia kifuani, na ulanzi ulikuwa unatiririka kwenye matundu ya sakafu. Chini yake alilala Shaabani kifudifudi, kofia yake ya kudarizi imelowana, hawezi kusogea, hawezi hata kufuta macho. Nilimsikia akisema "Astaghfirullah" kwa kila tone.

"Napiga!" Chaula akasema.

"Usipige." Ilikuwa sauti ya mzee, ya chini, kama ya mtu anayemtuliza ng'ombe. "Mwanangu, nakuomba. Usipige."

Tembo alisimama. Vumbi likatua. Kisha harufu ilimfikia yote kwa pamoja, na masikio yakarudi. Alikuja kwa hatua za mtu mwenye nia. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona matope yaliyokaukia kwenye magoti yake. Chaula alikuwa na shavu kwenye bunduki na midomo yake ilikuwa myeupe.

Mkonga uliingia dirishani.

Nilimwona mzee kwa upande tu. Hakujivuta. Ncha ya mkonga ilipita kifuani mwake, ikanyonya koti, ikapanda begani, ikakaa pale, ikipumua. Pumzi ile ilipeperusha nywele zake nyeupe. Kichwa cha tembo kilikuwa kimejaza dirisha lote, na mzee alikuwa amegeuza uso wake, akasogea. Mtoto wa Matembwe yule akasogea mbele! Wakatazamana, sijui kwa muda gani. Mimi nilikuwa nahesabu na nilipoteza hesabu.

Kisha mkonga ulishuka miguuni, ukalibeba lile dumu lililopasuka, ukalitoa nje. Alilikanyaga, akalinyonya, akalitupa mchangani kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Akapanda ukingo. Hakugeuka.

Chaula alikuja mpaka kwangu, akaweka uso wake karibu na wangu.

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ningempiga. Unaelewa? Ningempiga mnyama kwa sababu yako, au ningembeba babu yako kwenye turubai."

Nilielewa. Bado naelewa, hasa ninapolala.

Kutoka, na chumba namba tatu

Tulisukuma gari mpaka likatoka mchangani na kuwaka. Langoni tulifika jua likiwa juu kidogo ya miti, na Chaula aliandika kwenye daftari lake kwamba gari hili lisiruhusiwe tena msimu huu. Shaabani hakubisha. Mzee alimwomba Chaula msamaha, akamweleza ulanzi ulikuwa wa nani. Chaula alitazama chini.

"Wangu?"

"Wako na wenzako."

"Basi kanyweshwa aliyepo," Chaula akasema, na ndiyo mara pekee niliyoona meno yake.

Kwenye kijito cha kwanza Shaabani alishuka akaoga na nguo zake, akafua kofia, akaifua tena. Nilikwenda kusimama karibu naye.

"Ungeniambia ni ulanzi, ningekataa," akasema bila kunitazama. "Ningekataa, tungeuacha Makambako, basi. Lakini ungeniambia."

Nikamshikia kofia akikamua nguo zake.

Iringa isingewezekana siku hiyo. Tuliingia Tungamalenga, kijiji ambacho hakuna kati yetu aliyekifahamu, tukauliza pa kulala, tukaonyeshwa nyumba ya bati yenye vyumba vitano na ua uliofagiliwa. Mwenye nyumba alikuwa mama mnene mwenye khanga mbili. Alitukaribisha vizuri. Halafu upepo ukageuka.

"Walevi siwalazi," akasema.

"Mama, mimi sijaonja pombe tangu nizaliwe," Shaabani akasema, maji yakimchuruzika kutoka kwenye kofia.

"Na kofia hiyo! Huoni haya?"

"Ni tembo," nikasema. "Tulikuwa mbugani, tembo akaja kwenye gari, akaingiza mkonga dirishani kwa babu huyu..."

Wageni wawili waliokuwa wakinywa uji uani waliangua kicheko. "Na simba je, alileta vikombe?" mmoja akauliza.

Nilimtazama mzee. Miaka arobaini alidanganya na Matembwe nzima ikamwamini. Sasa alikuwa na ukweli na hapakuwa na mtu wa kuupokea. Nilidhani atakasirika. Alikuwa amesimama mlangoni, uso umeelekea jua linalotua, koti lake bado limefungwa.

"Angalau vua hilo koti nilifue," yule mama akasema, akipoa kidogo. "Linanuka mpaka barabarani."

"Halifuliwi," mzee akasema.

"Lina matope begani."

"Najua."

Mama alisogea kumvua kwa nguvu, kama wamama wanavyofanya, na mkono wake ukasimama hewani. Begani palikuwa na alama ya matope yaliyoanza kukauka: duara pana kama mdomo wa kikombe, ndani yake matundu mawili, na juu na chini ya duara ncha ndogo kama vidole. Alizaliwa kijiji kile. Alama hiyo ya mkonga ameiona kwenye kuta za ghala lake kila mwaka mahindi yanapokomaa. Aliitazama, akapima kwa macho umbali kutoka begani hadi shingoni mwa mzee.

Wale wa uji nao wakasogea kutazama.

"Alikuwa karibu namna hii?" akauliza taratibu. "Mkubwa kiasi gani, baba?"

Nilijiandaa. Nilijua kinachofuata: pembe zinazogusa ardhi, macho mekundu makubwa kama sahani, mti uliong'olewa kwa mguu. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Sijui," Mzee Mlowe akasema. "Niliona jicho tu. Ni dogo. Lina rangi ya asali, na kope ndefu, zimelala chini kama za ndama."

Mama yule alingoja kama kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Akafungua fundo la khanga, akatoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha mzee na kumfumba vidole.

"Namba tatu," akasema. "Kuna msumari nyuma ya mlango. Litundike hapo, sitaligusa."